Mbege Si Pombe

Huku Kibosho mtu akikuambia hanywi pombe, usidhani amekuambia hanywi mbege. Pombe ni ile ya chupa, inayowalaza vijana mitaroni. Mbege ni kinywaji chetu cha ndizi na ulezi. Tulioa kwa mbege, tukazika kwa mbege, na ndugu waliogombana walipatanishwa kwa mbege. Nimejisomea vitabu vingi bila mwalimu, lakini hadi mwaka juzi hata mimi sikuwahi kuyatia maneno hayo mawili kapu moja.

Veronika, mama yake Rachel, ni mjane wa kaka yangu Ildefonce. Alipika mbege miaka thelathini na moja. Wakati wengine walikwisha kung'oa kahawa na kuleta kreti za bia kwenye harusi za watoto wao, yeye alikuwa bado anachemsha ndizi, anasaga kimea, anachuja. Hakuwa na kazi nyingine, na hakutaka nyingine.

Ugonjwa ulimwanzia vidoleni. Asubuhi mikono ilikuwa migumu kama iliyoshikwa na saruji, haikunjuki mpaka jua lipande juu ya migomba. Ilivimba yote miwili, kulia na kushoto. Tukasema ni baridi yabisi, na kwa kuwa jina lenyewe limetaja baridi, tukapigana na baridi. Alivaa soksi mikononi. Alijikanda kwa maji ya moto. Nikishuka mjini nilimletea vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa pale Pasua. Miaka miwili na nusu ikaishia hapo, vidole vikalala upande, akawa hawezi kushika chujio.

Ndipo nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo kutoka Mtwara. Alitusalimia shikamoo vizuri, akampima damu, akampiga picha za mikono.

"Huu si ubaridi, mama," alisema. "Kinga ya mwili wako imekugeuka, inakula viungo vyako. Hauponi, ila unazuilika. Vidole vilivyokwisha kupinda havitanyooka. Tutaokoa vilivyobaki."

Akamwandikia methotreksati: siku moja tu katika wiki, kamwe si kila siku, na vidonge vya foliki siku nyingine. Akamwonya kwamba dawa ile huweza kuumiza ini, kwa hiyo damu ipimwe mara kwa mara.

"Unakunywa pombe, mama?"

"Mimi? Pombe sijaionja tangu nizaliwe, mwanangu."

"Ni kweli," nikadakia. "Huyu hata harusini anakunywa soda."

Mwezi wa tatu wa dawa mikono ikafunguka. Haikuwa kama zamani, lakini ilishika. Jumamosi moja akaandaa pipa la mbege, uwanja ukajaa. Yoramu, jirani yetu mwenye maneno mengi, akapokea kata yake akaichungulia.

"Mama Rachel, leo kimea umepima kwa kijiko cha dawa?"

"Nimepima kwa akili yako, ndiyo maana kimepungua."

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Halafu Veronika akaichukua ile kata, akapiga funda moja mbele ya Yoramu, akamrudishia. Ndivyo tulivyolelewa: anayekupa mbege huanza yeye, ujue hakukuwekea kitu. Siku hizi watu wanafunguliana chupa na kusukumiana. Veronika alianza kwa kila mgeni, na wageni walikuwa zaidi ya arobaini. Kabla ya hapo alikuwa ameonja ndizi zilipochacha, akaonja kimea kilipoingia, akaonja asubuhi kujua kama imeiva. Ilikuwa hivyo kila wiki.

Tuliporudi kupima damu, daktari aliisoma karatasi mara mbili.

"Mama, ini limeumia. Niambie ukweli. Unakunywa?"

"Mwanangu, nilishakuambia."

Alimwangalia Veronika, akaniangalia mimi. Hapo ndipo nilipofumbuka macho, mimi mzee wa vitabu.

"Daktari," nikasema, "anapika mbege."

"Anapika, au anakunywa?"

"Naonja tu," Veronika akajibu. "Mbege si pombe. Ni chakula."

Binti aliweka kalamu chini. Hakugomba. Aliuliza ni mara ngapi anaonja, nami nikamhesabia, na nilivyozidi kuhesabu ndivyo Veronika alivyozidi kuinamisha kichwa.

Dawa ikasimamishwa. Mbege nayo ikaachwa siku ileile. Pipa likainamishwa nyuma ya zizi. Tukaambiwa tusubiri ini litulie. Halikutulia vya kutosha. Akapewa vidonge vingine, duka la hospitali likawa navyo mwezi mmoja na kuvikosa miwili. Akapewa prednisoloni, uso ukavimba, vidole vikalegea kidogo, kisha daktari akasema hizo haziliwi miaka. Zipo sindano za kisasa, akatuambia, lakini alizitaja kwa sauti ya mtu anayekuonyesha gari linalopita. Sikumuuliza zaidi.

Sasa mikono imefunga. Mkwe wake, Dainess, humfunga kanga na kumkatia ndizi kwenye sahani. Rachel hupiga simu kutoka Dar, na simu hushikwa na mtu mwingine sikioni mwake. Mwezi uliopita tulizika mzee wa ukoo, na watu walikunywa bia ya kreti. Hakuna aliyeanza mbele ya mwenzake.

Jana nilimkuta amekaa mlangoni, mikono mapajani.

"Shemeji," akaniambia, "siku ile ungenyamaza."

"Ini lingekuua, Veronika."

"Lingeniua nikiwa na mikono."

Dainess akaja na uji, akaanza kumlisha, nami nikaaga.