Mahali pa Kuitikia

Jumamosi iliyopita tulimzika mjomba wangu Festo, kule Mpitimbi. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika lizombe, ngoma yetu sisi Wangoni, na sasa sauti ile hatunayo tena.

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka sana wiki hii. Nilikuwa kijana, nimepanga chumba Msamala, nina gitaa na nyimbo nilizozitunga peke yangu, mlango umefungwa. Nilitaka kwenda Dar es Salaam kurekodi. Hapa Songea sikuwa nimemwimbia mtu yeyote, maana niliona hakuna wa kunielewa. Nikaenda Mpitimbi kuaga.

"Shikamoo mjomba. Nasafiri."

"Marahaba. Kesho kwa jirani kuna sherehe ya komunyo. Waimbie kwanza. Wakikuitikia, nakupeleka stendi mwenyewe."

Kesho yake nikawaimbia. Akina mama waliendelea kupepeta mchele, wanaume wakaendelea na habari za mbolea. Niliponyamaza, bibi mmoja akaniambia taratibu, "Baba, kama umemaliza, inuka kidogo. Umekalia kinu chetu."

Walicheka wote. Njiani nilimwambia mjomba kuwa watu wale hawajui muziki. Hakunikaripia.

"Kuitikia wanajua," alisema. "Ila wewe umeimba mwanzo hadi mwisho, hukupumua. Wangeingilia wapi?"

Basi, safari nikaiacha. Nilibaki nikimfuata kwenye ngoma, nikapiga gitaa kwenye harusi na ubarikio, nikakesha kwenye misiba ya watu nisiowajua. Nilijifunza kuimba mstari mmoja, kisha kunyamaza na kusubiri. Ni kazi ngumu, kusubiri. Nilipokuja kwenda Dar es Salaam, nyimbo zangu zilikuwa zinaimbwa na akina mama wakitwanga. Sikupata jina kubwa, sitakudanganya. Lakini gitaa limenilisha, na hata leo nikipita Bombambili watu huniita na kuniuliza lini napiga tena.

Wewe siku hizi unarekodi chumbani, na wimbo unafika mbali kabla jirani hajausikia. Silaumu. Ninachokuomba, mwimbie jirani kwanza. Nenda kwenye sherehe za mtaani kwenu, imba mbele ya watu waliokujua ukiwa mtoto, uone ni wapi wanachoka na ni wapi wanataka kuingia. Wapishe waingie. Ukiondoka, utaondoka nao. Mungu akulindie sauti yako, na popote utakapoimba akupe watu wa kukuitikia.

Jumamosi, jeneza lilipokuwa tayari kushushwa, hakuna aliyeanzisha wimbo. Nadhani kwa mazoea tulikuwa tunamsubiri yeye. Nikaanza mimi, mstari mmoja wa wimbo wake, nikanyamaza. Nikasubiri. Kisha kule nyuma, upande wa akina mama, mmoja akaitikia, halafu wote.