Amani kwa Mkono wa Kushoto

Mdogo wangu Ernesti alikatika mkono wa kulia mwaka 1983, katika shamba moja la mkonge upande wa Kigombe. Mkanda wa korona, ile mashine ya kuchuna singa, ulikuwa umechakaa na kushonwa kwa waya, maana vipuri havikuwepo nchini, sabuni haikuwepo, na hata chumvi tulikuwa tukiipangia foleni. Jani likakwama. Ernesti akapeleka mkono kulitoa, mkono ukaenda na jani. Aliyekuwa kwenye injini ni Haji, Mpemba, rafiki yake wa kula naye sahani moja. Haji alizima haraka alivyoweza, lakini haikusaidia.

Hospitalini walimkata juu ya kifundo cha mkono, kidonda kikapona vizuri, mama akapeleka kuku kanisani kushukuru. Nilidhani yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Kila Jumapili padri akisema tupeane amani, sisi tunageukiana na kushikana mikono, benchi hadi benchi. Ernesti hapohapo huinuka akatoka nje, mara akakohoe, mara akaangalie baiskeli. Baiskeli gani hiyo inayotaka kuangaliwa kila Jumapili, saa ileile? Akirudi watu wamekwisha kaa, naye hasogei kupokea Sakramenti, maana kwetu asiyetoa amani haendi altareni. Anabaki benchi la mwisho, mkono wa shati umefungwa fundo.

Watu wa kanisa nao hawakosi la kusema. Walisema ana kisa na mtu, na mtu mwenyewe ni mimi, kwa ajili ya minazi ya marehemu baba. Nami, Mungu anisamehe, niliamini. Nikamnunia miaka. Nikipita barazani kwake anasema, "Shikamoo, dada Yudita," naitikia marahaba ya puani na kuendelea na safari yangu.

Ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Sabuni ikaingia kwa wingi kutokea mpakani Horohoro, mitumba ikajaa Tanga nzima, na shamba la mkonge likafungwa. Ernesti akaanza kuuza nguo. Alitandika turubai, akamwaga mzigo, akakaa pembeni. Mteja achague mwenyewe na aokote mwenyewe. Hakumkabidhi mtu hata soksi. Niliona ni uvivu, na nilisema hivyo kwa sauti.

Kwaresima ya 1994 nilichoka. Nilimfuata palepale kwenye turubai nikamwambia, "Minazi chukua yote. Na makuti yake chukua. Lakini Pasaka uje upokee, usije ukafa bila Sakramenti nikalaumiwa mimi."

Akashangaa. "Minazi gani, dada?"

"Kama si minazi, mbona hunipi amani?"

Akainua mkono wa kushoto. "Nikupe kwa huu? Mkono wa chooni, mbele ya altare? Na Haji je, mtu wa swala tano, nimsalimie kwa huu? Si nitakuwa nimemtukana!"

Nilikaa chini, juu ya nguo za biashara. Miaka kumi na moja! Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani, kwa hiyo nikaanza na yeye. Nilimwambia ni mjinga, na aende akaungame.

"Niungame nini? Mimi sijaiba."

"Kaungame huo mkono."

Ijumaa akaenda kweli. Yaliyosemwa alinisimulia mwenyewe. Padri Rafaeli hajafungua mdomo hadi leo. Ernesti alimwambia kwamba anauchukia mwili wake. Kila anapoutazama mkono uliopo anaona ule usiokuwepo, na akisali humwomba Mungu asimtazame upande ule. Padri akamuuliza, "Huo wa kushoto kauumba nani, mwanangu?" "Mungu," akajibu Ernesti. "Basi mimi sina ruhusa ya kuuita mchafu, na wewe pia huna." Malipizi aliyopewa hayakuwa zaburi. Aliambiwa akatoe amani kwa mkono huo, na aanze na mtu anayemwogopa kuliko wote.

Huyo mtu hakuwa mimi. Iliniuma kidogo. Pasaka ilipofika alinipa na mimi, akasogea altareni akapokea, lakini wa kwanza alikuwa Haji.

Mwaka ule Ramadhani iliingiliana na Kwaresima, na wote wawili walikuwa na njaa. Haji alikuwa akikusanya vyombo arudi Pemba kwa Idi, asirudi tena, kwa kuwa kazi ya mkonge ilikuwa imekufa. Nilimsindikiza Ernesti kwa sababu namjua. Angeachwa peke yake angeishia njiani.

Tulimkuta Haji anafunga godoro kwa kamba. Ernesti alisimama mlangoni, hata hodi hakuimaliza. "Haji, bwana, mimi sina mwingine. Mkono wenyewe ndio huu." Akaunyosha.

Haji aliutazama. Kisha akaurudisha mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo, akatoa wa kushoto, kiganja kikakutana na kiganja.

"Yakhe," alisema, "mie nlidhani huntaki. Miaka yote hii nlidhani wanchukia, kwa kuwa nlichelewa kuzima."

"Ulizima ulivyoweza," Ernesti akamwambia. "Mimi nilikuwa nauonea aibu huu."

Haji akalia, akaketi juu ya godoro bila kuuachia ule mkono, na Ernesti akavutwa akaketi naye. Mdogo wangu naye machozi yalimtoka, yakashuka hadi kidevuni, na hakujifuta, kwa sababu mkono aliokuwa nao ulikuwa na kazi.