Nilivyoshangilia ushindi wa uchaguzi nisioupigia kura, nusura nikose mke

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioshinda na mlioshindwa.

Tangu matokeo yatangazwe nasoma humu kimya kimya. Huyu anaandika "tumewanyoosha", yule anaandika "chama chetu basi tena". Nikaona na mimi mzee nitoe ushuhuda, maana ugonjwa huo niliuugua kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Nina miaka themanini na ushee. Nimekaa Kigoma muda mrefu, ndiyo maana naandika hivi, lakini mimi ni mtoto wa Élisabethville, mji ambao leo mnauita Lubumbashi. Sitaongeza chumvi. Sehemu zinazoniaibisha ndizo za kweli zaidi.

Tuko miaka ya hamsini, Mbelgiji anatawala. Nina miaka ishirini na miwili, nakaa Kamalondo, mtaa wa Waafrika, napiga taipu kwenye ofisi ya wakili mmoja wa Kibelgiji. Tulimwita Patron, yaani bosi.

Msidharau kupiga taipu wakati ule. Nilikuwa na suruali mbili za kunyoosha pasi, kalamu mfukoni hata Jumapili, na miwani. Macho yangu yalikuwa mazima kabisa. Miwani ilikuwa ya heshima tu.

Patron alikuwa mliberali, na hakuna kitu alichokichukia kama mapadri. Huko kwao Ubelgiji chama cha Wakatoliki ndicho kilikuwa kinatawala, na yeye kutwa anaandikia wenzake barua za kukilaani. Barua hizo nazipiga mimi. Ukiipiga taipu hasira ya mtu mwingine mwaka mzima, mwisho unaiona ni yako.

Tena nilikuwa na sababu yangu binafsi.

Nilikuwa nimemchumbia Apolina. Baba yake, Baba Ilunga, alikuwa fundi karakana ya reli, Mkatoliki wa kutoka kaskazini ya Katanga, mtu wa misa ya alfajiri kila siku. Mahari ilishapokelewa. Kilichobaki ni matangazo.

Kwa wasiojua: padri hakufungishi ndoa mpaka majina yenu yasomwe kanisani Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Na kabla ya kukubali kuyasoma, padri alinirudisha katekisimu miezi miwili kwa sababu sikuungama wakati wa Pasaka. Mtu mzima na miwani yangu, nimekalishwa benchi moja na watoto wa komunyo ya kwanza. Jambo hilo lilinikaa rohoni.

Basi, Jumapili ya kwanza majina yakasomwa. Apolina, upande wa wanawake, akainamisha kichwa, nikaona mabega yake yanacheka. Nilikuwa na furaha ambayo hata leo sijui niieleze vipi.

Jumapili hiyohiyo, huko Ubelgiji, watu walikuwa wanapiga kura.

Jumatatu redio ya ofisini ikasema Wakatoliki wamepoteza wingi wao bungeni, waliberali na wasosialisti wanajiandaa kuunda serikali. Patron akafungua shampeni asubuhi ileile. Akanywa na wageni wake, akanipa chupa nikaitupe.

Sikuitupa. Wakati ule Mwafrika kukutwa na mvinyo ilikuwa kesi. Nikaizungushia gazeti, nikatembea nayo kutoka mji wa wazungu hadi Kamalondo jasho likinitoka, na chupa yenyewe haina kitu. Nikaiweka juu ya kabati. Hilo ndilo lilikuwa kombe langu.

Jioni nikaenda baa, nikapanda juu ya kreti la bia, nikahutubia. Nikasema enzi za mapadri zimekwisha. Zinakuja shule zisizo na padri. Mtu ataoa ofisini kwa muhuri wa serikali, hakuna wa kumuuliza amri kumi. Nikasema tumeshinda, na nikalirudia hilo neno mara nyingi kuliko nilivyohitaji.

Fundi cherehani mmoja, Tshibangu, Mkasai aliyekuwa jirani yangu, akaniuliza taratibu:

"Na weye ulichaguaka fasi gani?"

Yaani nilipigia kura wapi. Baa nzima ikacheka. Nikamwambia tatizo lake hajasoma.

Ningeishia hapo, pengine yangesahaulika. Lakini wakuu, mjinga akishapewa kreti la kusimamia haridhiki.

Kesho yake nikaenda misheni kudai cheti changu cha ubatizo. Niliwaza hivi: cheti kikikaa kwa padri, yeye ndiye mwenye ndoa yangu. Nikiwa nacho mimi, nakipeleka kwa serikali mpya inioze. Serikali yenyewe ilikuwa haijaundwa, na ilikuwa Brussels, lakini mimi nilishaivalia tai.

Padri alikuwa mzee mwenye ndevu zilizogeuka rangi kwa tumbaku. Nikamwambia kwa Kifaransa safi kwamba chama chenu kimeanguka, naomba karatasi yangu. Hakubisha. Akafungua droo, akanipa, akaendelea kula mkate wake.

Nilitoka nimeudhika. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

Jumapili ya pili ikafika. Nikaenda kanisani, nisiwadanganye, ili nione padri atafanya nini. Akasoma majina ya jozi nne za wachumba, moja baada ya nyingine. Yetu hayamo. Akafunga daftari.

Bila cheti hakuna matangazo. Jambo dogo kama hilo lilikuwa halijaniingia akilini, mimi msomi. Nilidhani majina yakishaanza kusomwa yanaendelea yenyewe.

Kanisa zima likageuka kunitazama. Apolina peke yake hakugeuka, na hilo ndilo lililoniumiza.

Mchana Baba Ilunga akaja kwangu. Nikampa kiti, hakukaa.

"Nilisikia uko minisita sasa," akasema. "Muzuri. Lakini mutoto yangu haolewe ku biro. Anaolewa mu kanisa. Karatasi ikirudia kwa mupadri, na weye utarudia ku nyumba yangu. Kama hapana, kuya ubebe bintu byako."

Minisita ni waziri, biro ni ofisi, na kuja kubeba vitu vyangu maana yake kurudishiwa mahari. Akaondoka na baiskeli yake bila kuaga.

Hapo niliogopa kweli. Usiku ule sikula. Nilijiona bila Apolina, na chupa tupu juu ya kabati.

Jumatatu nikamfuata Patron. Nilijiambia: huyu ndiye mwenye ushindi, ataandika barua moja tu kwa wakubwa wa serikali na mambo yataisha. Nikajikohoza, nikaanza kwa Kifaransa changu bora. Patron, kwa kuwa tumeshinda, nina ombi.

Akaweka kalamu chini. Akanijibu kwa Kiswahili, kile alichokuwa anazungumza na mpishi wake:

"Shiye? Shiye na nani?"

Sisi na nani. Hakukasirika hata kidogo, alikuwa anauliza tu, kama mtu aliyeona barua isiyo na jina la mwandikaji.

Kisha akanipa karatasi nizipige. Kadi za harusi. Binti yake anaolewa mwezi ujao, katika kanisa kuu, mbele ya mapadri watatu.

Nikazipiga. Jina la bwana harusi nikalikosea mara mbili. Hili la ofisini sikumsimulia mtu yeyote. Si Tshibangu, si Apolina. Ninyi ndio wa kwanza.

Jioni nikarudi misheni na cheti changu, kimejikunja kwa kukaa mfukoni. Miwani niliiacha nyumbani.

Padri akakinyoosha mezani kwa kiganja.

"Utaanza tena mu mwanzo," akasema. "Jumapili tatu."

Nikamuuliza, na katekisimu?

"Ile hapana. Batoto batakucheka."

Nilipokuwa naondoka akaniita. Akasema kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka natikisa kichwa. Akasema yeye mwenyewe hakupiga kura. Na Patron wangu hakupiga. Mbelgiji aliyekaa Kongo hakuwa na kura huko kwao, mpaka arudi akaishi kule.

Kwa hiyo, wakuu, mji mzima ule, anayeshangilia na anayenuna, hakuna hata mmoja aliyechagua.

Majina yakasomwa upya. Jumapili ya mwisho, padri alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, Tshibangu akakohoa kwa makusudi, kikohozi kirefu. Watu wakafa kwa kicheko. Nikatazama upande wa wanawake, nikaona yale mabega.

Tukaoana. Siku ya tatu Apolina akaishusha chupa juu ya kabati, akaiosha, akatia mafuta ya mawese. Hakuniuliza ilitoka wapi.

Pembeni kidogo: Wakatoliki walikuja kurudi madarakani huko Ubelgiji. Patron akanuna wiki nzima. Mimi nikapiga taipu hasira yake bila kuionja.

Lakini kabla ya hapo ilitokea siku ambayo na sisi tuliitwa kupiga kura. Kura ya kweli, ya kuchagua watu wa kuongoza komuni zetu, yaani kata za mji. Wanaume tu, kuanzia miaka ishirini na mitano. Nilikuwa nimeitimiza juzijuzi. Nilivaa suruali yenye mkunjo, nikavaa na miwani, nikapanga mstari tangu asubuhi. Nikiwa na karatasi mkononi nililia kidogo, na sioni aibu kulisema.

Mtu wetu wa Kamalondo akashinda. Nilipopata habari nikatoka mbio mpaka nyumbani.

Apolina alikuwa ameinamia mbabula, jiko letu la makaa, anakaanga samaki kwa mafuta ya ile chupa, mtoto wetu mgongoni. Nikasimama mlangoni nikihema.

"Apolina, tumeshinda."

Hakugeuka. Akapindua samaki.

"Shiye? Shiye na nani?"

Maneno yaleyale, wakuu. Na hakuwahi kuyasikia kwa mtu. Nilikuwa nimepanga mstari siku nzima na sikuwa nimeona kwamba hakukuwa na mwanamke hata mmoja pale.

Nikavua miwani. Nikachukua mtoto mgongoni mwake, nikakaa chini karibu na jiko mpaka samaki walipoiva. Tofauti na Patron, huyu alikuwa na haki ya kukasirika.

Somo nililopata ni hilo tu. Kushinda ni kuzuri, na kushindwa kunauma, simkatazi mtu. Ila neno "tu" mwanzoni mwa "tumeshinda" ni zito. Mara mbili katika maisha yangu nimelibeba bila kulipima.

Uwanja ni wenu, nikosoeni, mnicheke, nimezoea. Lakini wewe uliyeandika "tumeshinda" tangu juzi, kabla hujanijibu hapa, nenda kwanza jikoni kwako. Kuna mtu anakaanga samaki. Mjibu yeye.