Londres ya Mtoto Aliyehama

Huku ughaibuni, ndani ya treni ya metro ya kwenda Discovery Gardens, dada mmoja Mkenya alikuwa akisoma daftari kwa kunong'ona: "Inglaterra. Londres. Támesis." Nikamuuliza kama anasafiri.

"Wapi! Aliyehamia Uingereza ni mtoto niliyemlea, wa madam wangu wa kazi, Mhispania. Mimi nilimfundisha kutembea, yeye akanifundisha Kihispania. Sasa najifunza majina ya huko kwa lugha yetu, ili nikipiga simu tuwe na la kusema."

"Na mnaongea?"

Akafunga daftari, akalipapasa jalada kama anayebembeleza mtoto alale.

"Jumapili alinijibu kwa Kiingereza kitupu."

"Basi khalas, yameisha," nikasema, mjuaji mimi. "Kiingereza si unakijua?"

"Hiki Kihispania namtunzia," akasema, akilifungua tena. "Siku akikikumbuka, atakikuta kwangu."