Lambo la Duara na Hatua Ishirini za Nje

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka masikio yangu yanawaka moto hadi leo. Ninakusimulia kwa sababu umeniuliza jambo lile lile mara ya tatu sasa, kwamba kwenye hesabu ya eneo la duara ule umbali wa kuzidishia umetoka wapi, na mara zote tatu umeitikia "nimeelewa, baba" kabla sijamaliza. Hujaelewa. Kaa chini.

Ilikuwa miaka ya thelathini, jirani na Mhunze. Nilikuwa nimetoka shule na cheti changu, kijana mwembamba mwenye wasiwasi na kila kitu. Nikitumwa kupima shamba nalipima mara nne, kisha najiuliza kama kamba haikuvutika kwa jua. Mtemi wetu alitaka lambo la kunyweshea ng'ombe lichimbwe kabla ya mvua, na wazee wakataka liwe la duara ili mifugo ije kutoka pande zote. Mimi nikapewa kazi ya kuligawa kwa vikundi viwili vya wachimbaji, watu arobaini kila kimoja.

Kwetu kazi ya jembe ni mashindano, hilo unalijua. Kila kikundi kina wimbo wake, na kinachoachwa nyuma kinaimbwa hadi sokoni. Safari hii waliwekeana jambo zito zaidi: watakaoshindwa, ng'ombe wao watanywa mwisho kiangazi chote. Kunywa mwisho maana yake ni kunywa tope, na ndama hawaishi kwa tope.

Nilipiga kigingi katikati, nikafunga kamba, nikachora duara la hatua arobaini kutoka kitovuni. Ndani yake nikachora la pili, la hatua ishirini. Kikundi cha Masanja, kijana mwenye maneno mengi, nikakipa duara la ndani. Kikundi cha mzee Luhende, mtu wa sauti ya taratibu, nikakipa pete ya nje. Hatua ishirini kwa hatua ishirini, kina kile kile cha kifua cha mtu mzima. Na unajua nilichohangaika nacho siku tatu nzima? Kwamba wa ndani wataonewa, maana udongo wao unavutwa mbali zaidi juu ya ngozi za ng'ombe. Nikawaongezea ngozi mbili. Nikajiona mtu wa haki.

Wiki ya pili ilipokwisha, kina Masanja walikuwa wamezama hadi kiunoni, kina Luhende hawajapita magoti. Nyimbo zikaanza. Waliimbwa kwamba wanachimba kwa kucha, kwamba waende nyumbani wakalee watoto, wake zao waje wamalizie. Mzee Luhende akanijia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Karani, hii kamba yako imetutendea sawa?"

Nikamwonyesha karatasi. Ishirini hapa, ishirini pale. Aliitazama muda mrefu, mtu asiyejua kusoma, akanirudishia kwa mikono miwili na kurudi shimoni kwake. Aliiamini. Hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Shangazi yangu Minza ndiye aliyekuwa akituletea chakula, na akisubiri vyombo alisuka kikapu cha nyasi. Nikamlalamikia kwamba watu wa Luhende ni wavivu. Akaweka kazi yake magotini.

"Huu mzunguko wa kitakoni umekula nyasi ngapi?"

Sikujua.

"Mbili. Na huu wa ukingoni?"

Nikasema labda tatu, labda nne.

"Ishirini," akasema. "Unene ni ule ule, kidole changu ni kile kile. Umewapa wenzako ukingo, halafu unawaita wavivu? Huko shuleni mlikuwa mkifanya nini?"

Nikarudi kwenye karatasi. Duara la hatua arobaini ni kubwa mara nne ya lile la ishirini. Ukiondoa la ndani, zinabaki sehemu tatu. Nilikuwa nimewapa watu wa Luhende kazi mara tatu. Mpaka wa kuligawa lambo lile nusu kwa nusu haukuwa hatua ya ishirini hata kidogo. Ulikuwa hatua ya ishirini na nane na ushei.

Ungedhani nilikimbia kusema. Sikukimbia. Nilifikiri. Niliandika barua mbili za maelezo kwa mtemi, nikazichana zote mbili. Nikapanga namna ya kuwaazima kina Luhende watu watano kimyakimya, nikaona watagundua. Nikajiuliza kama kosa likijulikana cheti changu kitafaa kuwashia moto tu. Siku nne nilifikiri, na siku nne hizo Luhende na watu wake waliimbwa.

Siku ya tano, siku ya kukagua mashindano, akaja mjumbe wa mtemi kutangaza ng'ombe wa nani watakunywa mwisho. Alipotaja jina la Luhende nikasimama.

"Kosa ni langu. Kikundi cha nje nimekipa kazi mara tatu ya wenzao."

Nikakiri kwamba nimelijua kwa siku nne, kisha nikaeleza: goti la eneo mara tatu linazidi kiuno cha eneo moja, kwa hiyo waliotoa udongo mwingi ni watu wa Luhende. Masanja akaniangalia kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa. "Yaani tumewaimba watu wanaotushinda?"

Mjumbe akapita ukingoni akikagua marundo ya udongo, akaamua kina Luhende ndio watakaonywesha kwanza, na uliobaki uchimbwe na wote pamoja. Masanja akanitupia jembe miguuni. Nilichimba hadi viganja vikapasuka. Mzee Luhende hakunishukuru. Alinipita akasema, "Siku ile nilipokuuliza hukujua, hilo nakusamehe. Ulipokwisha kujua, mbona ulinyamaza?"

Basi sikiliza, na safari hii usiitikie haraka. Kwenye shamba la mraba, kipande kidogo ni urefu mdogo mara upana mdogo, na popote ukipeleke hakibadiliki. Kwenye duara, fungua pembe kidogo tu: ukiwa hatua kumi kutoka kitovuni tao lake ni hatua moja, ukiwa arobaini ni hatua nne. Urefu wa tao dogo ni umbali mara pembe. Eneo ni tao hilo mara upana wa kwenda nje. Ujazo ni eneo hilo mara kina. Ule umbali unaoniuliza umetoka wapi, umetoka hapo. Ukifika kwenye tufe, umbali huo utaingia mara mbili, maana matao ni mawili, na moja hufinyika ukikaribia ncha. Usikariri. Kabla ya kukipima kipande, uliza kimekaa wapi.

Na ukikosea, sema siku ile ile, kabla akili yako haijakutafutia sababu.

Nenda, mwanangu. Mungu akutulize moyo, akupe jicho la kuona na ulimi usiochelewa.