Presha ya Kapiteni wa Yanonge

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga ukelele katika wodi ya wanaume, na wagonjwa waliokuwa wamesinzia baada ya chakula cha mchana wakashtuka wote. Nilikuwa binti mwembamba, nimetoka tu shule ya uuguzi hapa hapa Kisangani, blauzi yangu nyeupe bado ina mikunjo ya pasi. Mkuu wa wauguzi alikuwa mama mrefu tuliyemwita Infirmière-cheffe hata akiwa hayupo. Alijifunga mkononi mkanda wa tensiomètre, yaani kipimo cha presha, akanipa stethoskopu.

"Pompa. Halafu achia hewa polepole. Sikiliza."

Nikapompa, nikaachia hewa, mshale wa kipimo ukaanza kushuka. Kimya. Kisha ghafla: to! to! to! Damu ya mtu ilikuwa inabisha hodi sikioni mwangu!

"Ninasikia!" nikapiga kelele.

"Bon. Namba?"

Nikamnong'oneza: kumi na tano juu ya tisa, ambayo wengine huiandika 150 juu ya 90. Nilinong'ona kwa sababu namba ile ilikuwa kubwa na yeye alikuwa bosi wangu. Alinitazama kwa jicho kali. "Sema kwa nguvu, mutoto. Namba haiko tusi. Watu wanakufa na namba yenye wengine waliona haya ya kuwaambia."

Vijana mnaosoma haya, wengi wenu mmezaliwa na mashine zinazoandika zenyewe kwenye kioo kidogo. Sisi tulitegemea sikio. Sauti inapoanza, hiyo ni namba ya juu, nguvu ya damu moyo unaposukuma. Sauti inapopotea, hiyo ni namba ya chini, moyo unapopumzika. Presha ikikaa juu miaka mingi, inachakaza mishipa ya ubongo, ya figo, ya macho, na mwenyewe hasikii kitu. Katika wodi ile niliwaona wanaume walioamka wakiwa wazima na kufika kwetu mchana wamebebwa kwenye toleka, baiskeli ya kukodi, nusu ya mwili imekufa. Familia zao zilitafuta mchawi. Infirmière-cheffe alikuwa anawauliza swali moja tu: "Mulimupima lini?"

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa ng'ambo ya mto, Lubunga, kwenye kituo cha afya. Huko kazi ilikuwa malaria, kuhara na uzazi, basi. Presha na sukari zilionekana magonjwa ya matajiri, ya watu wenye matumbo na magari. Halafu akaja Médecin chef de zone mpya, daktari anayesimamia vituo vyote vya eneo letu, mtu mfupi mwenye haraka kama anachelewa mazishi. Alitukusanya uani.

"Magonjwa yasiyoambukiza hayaji kwa mbu wala kwa maji machafu," alisema. "Yanakuja polepole, kwa chumvi, kwa pombe, kwa sigara, kwa uzito, na mengine tunazaliwa nayo. Mukingoja mugonjwa aje hapa, anakuja amechelewa. Donc, nani atatoka inje?"

"Mimi!" Nilisema kabla hajamaliza. Wenzangu walicheka, lakini moyo wangu ulikuwa unaruka.

Jumamosi iliyofuata nikaweka meza yangu kwenye beach, gati ya mbao na tope ambako mashua zinapakia. Oh, siku ile! Sikuwa nimewahi kupendwa na watu wengi hivyo. Wauza samaki, wapagazi, wanafunzi, wote walitaka kusikia damu yao inasema nini. Niliwawekea stethoskopu masikioni wajisikilize wenyewe, na wakachekelea kama nilivyochekelea mimi zamani.

Saa nne hivi akaja Kapiteni Lifoli. Alikuwa mtu wa mto, mzaliwa wa upande wa Yanonge, mwenye baleinière, mashua ndefu ya mbao yenye injini, iliyoandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu jina la mke wake: JOSÉPHINE. Abiria walikuwa wamekwisha kupanda, akina mama na watoto, magunia ya chumvi, makatoni ya sabuni. Alikaa kwenye kiti changu kwa utani tu, ili awachekeshe.

"Pima, Mama Albertine. Utasikia injini."

Nikapima. Sauti ilianza mahali ambapo sikuwahi kuisikia kwa mtu aliyekaa anacheka. Nikabadilisha mkono. Nikamwambia anyamaze apumzike kidogo, nikapima tena. Ishirini na tatu juu ya kumi na nne.

"Papa, kichwa inakuuma?"

"Tangu juzi. Iko jua."

"Na macho?"

Kicheko kikamtoka usoni. Akainama karibu nami. "Tangu asubuhi ninaona mashua mbili pahali iko moja. Ni ukungu ya mto, itaisha."

Hapakuwa na ukungu. Jua lilikuwa linawaka.

"Papa Lifoli, leo hauendi."

Alisimama kwa nguvu hata kiti kikaanguka. "Eh! Weye ni nani wa kunikataza? Leo iko soko Yanonge!" Abiria wakaanza kupiga kelele. Mama mmoja mwenye vikapu vya mikate alisimama ndani ya mashua akiwa ameshika kiuno: "Mukate yangu itakauka! Mama infirmière, acha mutu afanye kazi yake!"

Sikuwa na amri juu ya mtu yeyote pale. Kati ya Kisangani na Yanonge mto una visiwa na mafungu ya mchanga yanayohama, na kapiteni anayaona kwa macho yake tu. Mtu huyu alikuwa anakwenda kuyapita na watoto wa watu, akiwa na presha inayoweza kupasua mshipa kichwani wakati wowote. Nilikumbuka kile nilichofundishwa, kwamba namba si tusi, nikaitamka kwa sauti ya kusikika hadi kwenye injini. Hakuna aliyeielewa. Ishirini na tatu ya nini?

Basi nikamgeuza Kapiteni kwa bega, nikamwonyesha mashua yake mwenyewe, iliyofungwa hatua chache kutoka pale tuliposimama.

"Papa, nisomee ile jina."

"Jina gani?"

"Ile imeandikwa na nyekundu."

Alikaza macho. Akayafumba, akayafumbua. Siku nyingine angeitambua mashua yake hata gizani. Lakini jicho lilikuwa limemchanganyia vyombo vyote vya pale gatini. "Ile... ile haiko ya kwangu," alisema polepole. "Ile ni ya nani?"

Mpagazi aliyekuwa anaimba akatua gunia lake.

Mdogo wake, Basile, aliyekuwa anamsaidia usukani, aliruka majini na kuja mbio hadi kwetu. Akamshika mkono kwa heshima, akasema kwa sauti ndogo, "Yaya, twende. Tafazali." Yaya ni kaka mkubwa. Na yule mama wa mikate ndiye aliyeteremka wa kwanza, akinyanyua kitenge chake asilowe. "Mukate ikauke," alisema. "Ni muzuri mukate ikauke kuliko mimi nilowane."

Tulivuka naye kwa pirogue, mtumbwi wa mti, hadi hospitali ya mjini, mimi nikiwa nimemshika mkono njia nzima. Daktari alimwangalia ndani ya macho kwa taa, akasema presha ilikuwa imekwisha kuanza kugusa macho na ubongo. Waliishusha taratibu, kwa sababu ukiishusha kwa pupa ubongo unakosa damu. Basile aliiendesha mashua kesho yake. Na Kapiteni akatoka hospitalini kwa miguu yake miwili! Nilicheza ngoma kidogo kwenye korido, Médecin chef de zone akaniona, akajifanya hajaona.

Lakini kazi ya presha haiishi siku ya ushujaa. Baada ya muda Mama Joséphine, mke wa Kapiteni, akaja kituoni uso umemshuka. "Ameacha dawa. Anasema amepona." Nikaenda nyumbani kwao jioni hiyo hiyo. Nilimkuta Kapiteni amekaa mbele ya injini iliyofunguliwa, mikono myeusi.

"Mama Albertine, niko muzima. Dawa ya nini?"

"Hii injini imeharibika?"

"Hapana. Ninabadilisha huile." Huile ni mafuta ya injini.

"Kama haijaharibika, sababu gani unabadilisha?"

"Sababu isi..." Akaniangalia, akamwangalia mke wake, akaanza kucheka hadi machozi. "Sababu isiharibike. Bon. Lete ile dawa."

Toka siku ile mfano wa huile nimeutumia makanisani, msikitini, hata kwa wanakwaya wa Kabondo, mahali pangu pa mwisho pa kazi, ambako nilikuwa nafundisha wauguzi wadogo. Mama Joséphine naye alibadilisha jiko. Makayabu, samaki wa chumvi, akawa anayaloweka na kumwaga maji zaidi ya mara moja. Pondu, majani ya muhogo, ikapata kitunguu na pilipili zaidi, cube za kukolezea zikapungua. Lituma, ndizi za kuchemsha na kuponda, hakuigusa, na mimi sikumwambia aiguse. Mtu wa Tshopo, mkoa wetu huu, usimnyang'anye lituma. Lotoko, pombe kali ya hapa kwetu, ndiyo ilileta ugomvi mrefu, ila mama alishinda.

Nimestaafu sasa. Watu wananiuliza nimeponya wangapi, nami sijui la kujibu. Muuguzi wa uzazi anaonyeshwa watoto aliowapokea. Mimi kazi yangu ilikuwa mambo yasiyotokea: kiharusi ambacho hakikuja, mguu ambao sukari haikuukata, mashua iliyofika. Hakuna mtu anayekuja kukushukuru kwa balaa ambalo hakuliona. Zamani jambo hili liliniumiza kidogo.

Mwaka huu nilipanda mashua ya Kapiteni Lifoli kwenda Yanonge, mara yangu ya kwanza, mgeni wa heshima, nimekaa karibu na usukani. Nywele zake ni nyeupe. Alinionyesha kila fungu la mchanga kabla sijaliona, akipiga kelele za furaha kama kijana, nami nikipiga naye. Tulipofika, abiria waliteremka wakigombania mizigo, wakilalamikia jua na bei ya sabuni. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama yule mzee usukanini. Nikaona ni sawa kabisa. Ndivyo inavyotakiwa kuwa!

Kwenye gati mwanamke mmoja akaniuliza mfuko wangu una nini. "Mashine ya kupima presha," nikasema, "lakini mimi nimestaafu." Akakaa pale pale juu ya gunia, akakunja mkono wa blauzi yake. Nyuma yake watu wengine walikuwa wameanza kupanga foleni.