Majivu kwenye mlango wa lori jipya

Jamani, mwanangu Nyangeta ametoka kusugua mlango wa lori kwa majivu na kipande cha wavu, kama ninavyosuguaga masufuria!

Lori lenyewe jipya. La tajiri wa baba yake.
Ndiyo kwanza amekabidhiwa aliendeshe, baada ya kuwa utingo miaka yote. Na tajiri alisema leo anapita kuliangalia.

Natoka jikoni, nakuta mlango mwekundu umekuwa mweupe. Mtoto anacheka.
"Mama, ona, nimeosha gari la baba!"

Nikajua kazi imeenda.

Nikavuta kanga nifute haraka. Baba yake alikuwa upande wa pili anang'arisha rimu, akapiga kelele:
"Mama Nyangeta, usifute! Hayo majivu yatakwangua rangi. Leta maji!"

Tukamwagia taratibu. Mimi nimefumba macho, nasali tu.

Kufungua macho, mlango unawaka! Kumbe baba yake alikuwa ameshapaka waksi, ile michirizi yote imeishia kwenye waksi. Rangi haijaguswa. Asante Mungu 🙏

Tajiri kaja, kapapasa mlango huo huo, anamwambia baba Nyangeta, "Kijana, unajua kutunza."
Nikageukia ukutani nisicheke 😂

Wenzangu, na nyie watoto wenu wanawasaidiaga kazi hivi? Niambieni, maana mimi moyo ndiyo kwanza unatulia.

Haya, baba Nyangeta anapiga honi huko nje, tajiri kakubali atuzungushe kidogo mpaka kijijini Guta, na mimi hata nywele sijachana!